Kielelezo cha Reli ya Magogo: Kujenga, Kupima na Kuhesabu Visiki

UTANGULIZI

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha hushauriwa kuandaa zana. Wengi hulitii shauri hilo kwa kuchora picha nzuri au kufinyanga kitu cha kupendeza, kisha hukiweka mezani na kuendelea kufundisha kana kwamba hakipo. Zana ya namna hiyo ni pambo tu. Makala hii inaeleza jinsi ya kujenga pamoja na wanafunzi kielelezo kimoja kikubwa, yaani mandhari ndogo ya ukataji wa magogo yenye njia ya reli, na jinsi ya kukitumia katika masomo ya hisabati, jiografia, historia na kazi za mikono.

Jambo hili nalieleza kwa sababu nilianza kwa kulikosea. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika shule moja ya msingi ya nyanda hizi za juu za Kigoma, nilijenga kielelezo cha aina hii peke yangu, usiku, kwa mwanga wa taa ya chemli. Nilikuwa na mlima wa udongo, miti ya kijani, na mabehewa yaliyojaa magogo. Asubuhi nilikiweka mbele ya Darasa la Tano na kuwaonya wanafunzi wasikiguse. Walikitazama kwa adabu. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, magogo haya yamekatwa wapi? Mbona msitu wako ni mzima?"

Nilimjibu kwamba hilo si somo la siku hiyo. Jibu langu lilikuwa baya, na swali lake lilikuwa ndilo somo lenyewe. Mlima wangu haukuwa na kisiki hata kimoja. Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja, na ndiyo ninayotaka msomaji aishike: kila gogo lililo juu ya behewa lazima liwe na kisiki chake mlimani, na wanafunzi wenyewe ndio wakihesabu.

TUJENGE MFANO WA MAHALI GANI?

Kielelezo kizuri huonyesha mahali pa kweli. Wilaya za Kibondo na Kasulu hazikujengewa reli. Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914 ikipita Uvinza, kusini mwa nyanda zetu. Kwa hiyo tukiweka garimoshi la magogo katikati ya misitu ya Nduta tutakuwa tunawafundisha watoto jambo la uongo, na mtoto aliyezaliwa hapa atalitambua mara moja.

Hata hivyo nchi yetu ilikuwa na reli iliyojengwa hasa kwa ajili ya magogo. Reli hiyo ilikuwa katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Kati ya mwaka 1904 na 1910, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilijengwa njia nyembamba yenye urefu wa kilomita 23 kutoka Tengeni, penye reli kubwa ya Usambara, hadi Sigi, chini ya misitu ya Amani. Upana kati ya reli zake mbili ulikuwa milimita 750, ilhali reli kubwa ilikuwa na upana wa mita 1. Shabaha yake ilikuwa kuteremsha mbao na magogo ya msitu wa mvua hadi kwenye reli kubwa, na kutoka hapo hadi bandari ya Tanga. Upande wa Usambara Magharibi, huko Shume, kampuni ya Wilkins & Wiese ilitumia njia nyingine: mbao za mwerezi ziliteremshwa kwa kamba za waya zilizoning'inia hewani mpaka stesheni ya Mkumbara.

Basi tutajenga mandhari ya Sigi. Wanafunzi wa Kibondo hawajaiona, lakini wanajua kukata, kubeba na kuwasha kuni. Tutaanza na Sigi iliyo mbali, na mwisho wa somo tutarudi nyumbani.

KIPIMIO

Kabla ya kugusa udongo, darasa liamue kipimio, au skeli kama wengi tunavyoiita. Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima wengi wanaojenga reli ndogo kwa kujifurahisha, na kipimio kinachotumiwa sana ni 1:87. Kwetu sisi kipimio hicho kingewachosha wanafunzi kwa kugawanya bila faida. Tutumie 1:50, ambapo mita 1 ya kweli huwa sentimita 2 za kielelezo. Mtoto wa Darasa la Tano anaweza kukokotoa kichwani.

Vipimo vifuatavyo vinatosha kuanzia. Upana wa reli ni ule wa Sigi. Vingine ni vya kukadiria kwa ajili ya zoezi letu.

Upana kati ya reli: sentimita 75, kielelezo, sentimita 1.5.
Urefu wa taruma: mita 1.5; kielelezo, sentimita 3.
Nafasi toka taruma hadi taruma: sentimita 75, kielelezo, sentimita 1.5.
Kipenyo cha gurudumu: sentimita 50, kielelezo, sentimita 1.
Behewa bapa: urefu mita 5, upana mita 1.8, kielelezo, sentimita 10 kwa 3.6.
Gogo: urefu mita 4, kipenyo sentimita 60, kielelezo, sentimita 8 kwa 1.2.
Mtu mzima: mita 1.7, kielelezo, sentimita 3.4.
Mti mrefu wa msituni: mita 30, kielelezo, sentimita 60.

Usiwape wanafunzi safu zote mbili. Waandikie vipimo vya kweli ubaoni, nao watafute vya kielelezo. Wanapofika kwenye mti hushangaa, kwa sababu karibu kila mmoja alidhani mti utakuwa na kimo cha kiganja. Mti wa sentimita 60 karibu na mtu wa sentimita 3.4 huwaeleza ukubwa wa msitu wa mvua kuliko maneno yoyote ya mwalimu. Usikubali kuufupisha mti ili upendeze. Ni afadhali kuwa na miti minane ya urefu wa kweli kuliko msitu mzima wa uongo.

Mwalimu mwenyewe aelewe jambo moja zaidi, hata kama hatalifundisha. Tunapopunguza urefu mara 50, eneo hupungua mara 2,500, na ujazo hupungua mara 125,000. Mwanafunzi mwepesi akikuuliza kama gogo la kweli ni zito mara 50 kuliko la kielelezo, usimjibu kwa haraka.

VIFAA

Kila kifaa kipatikane karibu na shule. Kwa msingi, tafuta ubao wa sentimita 120 kwa 60. Usipopatikana, funga fremu ya fito na uiwambe kwa gunia. Eneo hilo ni sawa na mita 60 kwa 30 za kweli. Kwa ardhi, tumia udongo wa kichuguu, ambao hunata vizuri, uchanganywe na mchanga kidogo na nyasi zilizokatwakatwa ili usipasuke unapokauka. Kwa gundi, uji mzito wa muhogo unafaa sana. Reli zitatokana na vibanzi vyembamba vya mwanzi, na mataruma yatakatwa katika katoni. Miti na magogo vitatokana na matawi makavu yaliyoanguka, yenye gome. Majani yatakuwa ya nyasi zilizotiwa rangi ya majani mabichi yaliyopondwa. Sakafu ya msitu itakuwa ya vumbi la mbao na majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Makaa ya unga yatatupa rangi nyeusi ya injini.

Wanafunzi watapendekeza vizibo vya soda viwe magurudumu. Wape rula wavipime. Kizibo kina kipenyo cha karibu sentimita 3, na kwa kipimio chetu hilo ni gurudumu la mita 1.5, linalokaribia kimo cha mtu. Watacheka, na watatafuta kijiti cha unene wa sentimita 1 wakikate vipande. Kosa la aina hii ni mali katika somo, usiwazuie kulifanya.

HATUA ZA UJENZI

Gawa darasa katika makundi sita: kundi la ardhi, la njia ya reli, la mabehewa, la miti, la watu na zana, na la wahasibu. Darasa la wanafunzi 60 litakuwa na makundi ya watu kumi. Makundi yabadilishane kazi kila kipindi, isipokuwa wahasibu, ambao kazi yao nitaieleza mbele.

Kwanza, ardhi. Mlima uwe nyuma, na bonde lipite mbele kutoka upande mmoja hadi mwingine. Jaza matambara au nyasi kavu pale panapotakiwa kuinuka, kisha paka udongo tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Kielelezo kikaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali hupasua udongo.

Pili, njia ya reli. Garimoshi la kawaida hupanda kwa kushikamana tu kwa magurudumu na reli, na mteremko ukizidi magurudumu huteleza. Kwa sababu hiyo wakataji magogo wa Marekani walihitaji injini ya pekee. Ephraim Shay wa Michigan alipata hataza ya injini yenye gia mwaka 1881, iliyoweza kupanda njia kali na mbovu za msituni. Sisi tutaipa njia yetu mteremko wa 1 kwa 40: katika urefu wa sentimita 120 njia ipande sentimita 3. Wanafunzi wapime kwa rula pande zote mbili.

Kabla ya kulaza mataruma, uliza yatahitajika mangapi. Urefu ni sentimita 120 na nafasi ni sentimita 1.5, na wengi watajibu 80. Waache wayakate 80 na kuyapanga, la kwanza likiwa mwanzoni kabisa mwa njia. Watagundua kwamba mwisho wa njia hauna taruma, na kwamba jibu ni 81. Hakuna maelezo ya ubaoni yatakayowakaa akilini kuliko pengo hilo moja. Ili reli zikae sambamba, tengeneza kipande cha mti chenye upana wa sentimita 1.5 kamili, kiwekwe kati ya vibanzi viwili kila mara kabla gundi haijakauka.

Tatu, mabehewa na magogo. Behewa lina upana wa sentimita 3.6, hivyo hubeba magogo matatu chini na mawili juu yake, jumla matano. Tutakuwa na mabehewa matatu. Yafungwe kwa uzi; si lazima injini itembee yenyewe.

Nne, watu na zana. Msituni pawe na mashoka, msumeno wa watu wawili, minyororo na magogo ya kuviringishia. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Picha nyingi za zamani humwonyesha msimamizi Mzungu amesimama mbele, na wafanyakazi Waafrika wakiwa kama vivuli nyuma yake. Katika kielelezo chetu kila mtu ana kimo kimoja, na wengi ni wale waliofanya kazi. Eleza pia kwamba tangu amri ya mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilijipa ardhi yote iliyoihesabu kuwa haina mwenyewe, na kwa hesabu hiyo misitu mingi iliyotumiwa na wenyeji ikawa mali ya serikali. Mwanafunzi asipojua nani alisema "huu ni wangu", hataelewa kwa nini reli ilijengwa.

KAZI YA WAHASIBU

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Wahasibu wana daftari lenye safu tatu: miti iliyosimama, magogo yaliyotoka, na visiki vilivyobaki. Mlimani pasimamishwe miti minane. Tuchukulie kwamba mti wa mita 30 hutoa shina la kufaa la mita 20, yaani magogo matano ya mita 4. Mti mmoja, basi, hujaza behewa moja.

Kila juma "ukateni" mti mmoja mbele ya darasa zima. Shina likatwe vipande vitano, vipakiwe, na behewa livutwe mpaka mwisho wa ubao. Mahali pa mti pabakie kisiki cha sentimita 1. Wahasibu waandike. Baada ya majuma matatu mabehewa matatu yamejaa na yanapendeza. Lakini mlimani vimebaki miti mitano na visiki vitatu. Usihubiri. Uliza tu: "Garimoshi hili likija kila siku, litakuja kwa siku ngapi zaidi?"

Kisha wape mche. Mche wa nusu mita katika kipimio chetu ni sentimita 1, sawa na kimo cha kisiki chenyewe. Waupande pembeni mwa kisiki na wautazame mti wa sentimita 60 uliosimama jirani. Waambie kwamba hata mninga wa misitu yetu huhitaji zaidi ya nusu karne kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Acha darasa likae kimya kidogo. Ukimya huo ni sehemu ya andalio lako la somo.

VIPINDI VINNE VYA DAKIKA 40

Kipindi cha kwanza (hisabati): kukokotoa vipimo na kuchora ramani ya ubao.

Kipindi cha pili (kazi za mikono): ardhi, mataruma na reli. Kazi isiyokwisha imaliziwe baada ya masomo.

Kipindi cha tatu (jiografia na sayansi): kwa nini reli? Fanya jaribio hili. Funga uzi kwenye gogo, upitishe kwenye ukingo wa meza, na mwisho wake uning'inize kopo. Laza gogo juu ya mchanga, kisha utie vijiwe koponi kimoja kimoja mpaka gogo lisogee. Hesabu. Rudia gogo likiwa juu ya behewa relini. Tofauti ya idadi ya vijiwe itawaeleza kwa nini watu walikubali kazi kubwa ya kulaza kilomita 23 za chuma milimani.

Kipindi cha nne (historia na majadiliano): magogo yalikwenda wapi, nani alifaidika, na nini kilibaki. Malizia kwa habari hii: reli ya Sigi haipo tena. Mwaka 1997 misitu ile iliwekwa chini ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na nyumba ya zamani ya stesheni ya Sigi ikawa mahali pa kuwapokea wageni wanaokuja kuutazama msitu. Pale palipokuwa mlango wa magogo kutokea pamekuwa mlango wa kuyalinda.

KURUDI NYUMBANI

Somo lisiishie Tanga. Waombe wanafunzi watengeneze ubao wa pili, mdogo, bila reli, unaoonyesha mti unavyosafiri katika kijiji chao. Wao wenyewe watasema: kichwani, kwa baiskeli, kwa mkokoteni. Watasema pia unakokwenda: jikoni, kwenye tanuri la matofali, kwenye banda la kukaushia tumbaku. Wataje majina ya miti kwa Kiha, na mwalimu ayaandike. Unaweza kuwakumbusha kwamba Uvinza, kwa miaka mingi, maji ya chumvi yalichemshwa kwa kuni za misitu hii ya miombo.

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini kuliko udongo na gundi. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwezi Oktoba 1915+100, yaani 2015, kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi, na tangu hapo maelfu ya familia za wakimbizi na za wenyeji zilitafuta kuni katika misitu ileile. Ni rahisi mtoto kusema, "Wao ndio waliomaliza miti." Mwalimu asiliache neno hilo lipite, wala asimkemee aliyelisema. Amrudishe kwenye daftari la wahasibu: kila jiko lina kisiki chake, la mgeni na la mwenyeji. Mama anayepikia wanawe ugali hakujenga reli ya kusafirisha msitu ng'ambo. Tofauti hiyo watoto wanaweza kuiona kwa macho wakiziweka mbao mbili pamoja.

Tena, usimtake mtoto asimulie mbele ya wenzake yaliyompata alipokwenda kuni. Wanawake na wasichana wamekutana na hatari njiani, na darasa si mahali pa kuyafungua hayo hadharani. Uliza juu ya umbali, muda na uzito wa mzigo. Anayetaka kusema zaidi atakutafuta mwenyewe. Uwe na nafasi ya kumsikiliza, na umjue mwalimu wa malezi wa shule yako.

HITIMISHO

Kielelezo hiki hakitakuwa kizuri kama kile nilichojenga usiku ule. Reli zitapinda kidogo, mlima utakuwa na nyufa, na mtu mmoja atakuwa na kichwa kikubwa kuliko shoka lake. Lakini kila mwanafunzi atajua kwa nini taruma ni 81, kwa nini kizibo hakikufaa, na kisiki kipi ni cha gogo lipi. Somo likiisha, msikibomoe kielelezo. Kiwekeni pembeni mwa darasa, na wahasibu waendelee kuandika kila mche halisi utakaopandwa shuleni na kila utakaokufa. Yule msichana wa dawati la nyuma sikumjibu kwa wakati wake. Wewe unayo nafasi ya kuwajibu wako.

MASWALI KWA WALIMU WANAFUNZI

1. Mti wa mita 24 utakuwa na kimo gani kwa kipimio cha 1:50? Kwa 1:100?

2. Njia ya kielelezo ina urefu wa sentimita 90 na nafasi ya mataruma ni sentimita 1.5. Yanahitajika mataruma mangapi? Eleza jinsi utakavyomwongoza mwanafunzi aliyejibu 60.

3. Andaa maswali matano ya kipindi cha nne ambayo hayawezi kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana".

4. Katika eneo la shule unayofanyia mazoezi, ni mali ghafi gani nyingine husafiri mbali? Buni kielelezo chake, na ueleze "kisiki" chake kitakuwa nini.